Usingizi wa Jovina na Dume Aitwaye Digrii

Pale Kiseke, jijini Mwanza, Jovina Muganyizi alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, ni mjukuu wa Bibi Sabina aliyefika chuo kikuu. La pili, anaweza kusinzia mahali popote, mradi jua liwe limetoka.

Alikuwa akisinzia saluni huku msusi akikigeuza kichwa chake huku na huku kama boga sokoni. Alikuwa akisinzia bombani, amesimama wima, mkono umeshika ndoo. Mwezi wa saba bibi yake alipomweka juu ya jiwe nyuma ya nyumba achunge michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa, isiliwe na mbuzi, alisinzia ameegemea ungo, mbuzi wakala mpaka wakashiba, na mmoja akajilaza kando yake, nao wakalala pamoja kama ndugu. Bibi Sabina alipotoka na kuwaona alishika kiuno.

"Mke mwenzangu!" akaita, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake tangu yule mtoto hajaota meno. "Hao uliowakaribisha wanalipa kodi?"

Jovina akashtuka. "Nilikuwa nafumba macho tu, bibi."

"Ulikuwa unafumba na mdomo wazi?"

Hayo ni ya mchana. Usiku ilikuwa habari nyingine. Giza likiingia tu, macho ya Jovina yalikuwa yanafunguka kama mtu aliyeitwa jina. Nyumba ya bibi iko juu mlimani, katikati ya mawe, na dirisha lake linaangalia ziwani. Siku zisizo na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, ziwa lote linakuwa kama mji. Jovina aliziangalia taa zile mpaka akazizoea. Aliona kwamba yeye na wavuvi ndio waliobaki macho Mwanza nzima, tofauti ni kwamba asubuhi wenzake wanarudi na dagaa, yeye anarudi na macho mekundu.

Na kilichomweka macho, yeye mwenyewe alikuwa na hakika nacho. Kilikuwa na miguu minne na nundu, na kilikuwa kinaishi Magu.

Siku Jovina alipochaguliwa kujiunga na chuo, mjomba wake Mashimba, mwenye ng'ombe huko Magu, alikuwa amepata ndama dume wiki ileile. Akaita watu, akamshika yule ndama sikio, akatangaza mbele yao, "Huyu anaitwa Digrii. Atakua pamoja na mpwa wangu. Siku mtoto anavaa joho, sisi na Digrii tunaonana kwenye sinia." Watu wakapiga vigelegele, na ndama akapiga chafya.

Kwa miaka mitatu Digrii alikula, na hakuna siku aliyosinzia. Alinenepa, akaota nundu, akaanza kuwasumbua wenzake zizini. Mjomba naye alinunua simu ya kupigia picha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila mara picha inaingia kwa Jovina: Digrii wa mbele, Digrii wa ubavuni, Digrii akinywa maji. Chini yake maneno. "Digrii anakusalimia. Anauliza mmefika wapi." Au, "Digrii anasema yeye yuko tayari, je wewe?"

Jovina alikuwa hajawa tayari. Hiyo ndiyo siri aliyokuwa nayo, na hakuna aliyeijua isipokuwa Winnie, rafiki yake wa chuoni, Mjaluo wa Rorya mwenye mdomo mkali na moyo mwema. Katika mitihani ya mwisho ya mwaka wa tatu, Jovina aliingia kwenye chumba cha Takwimu saa tatu asubuhi, jua limewaka, feni inazunguka taratibu. Akajibu swali la kwanza, akaanza la pili. Katikati ya hesabu kalamu ikaanza kuteremka. Ukiitazama ile karatasi, mstari wa wino unashuka kutoka kwenye jibu mpaka pembeni, kama njia ya mbuzi inayokwenda ziwani. Msimamizi alipita, akamwona ameinama, akadhani anafikiri. Kengele ndiyo iliyomwamsha.

Matokeo yalipotoka, masomo yote mazuri, Takwimu ameanguka. Akapewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, mwezi wa tisa. Akifaulu, Novemba anavaa joho na wenzake. Akianguka tena, anakaa mwaka mzima akingoja somo moja, na Digrii anaendelea kula.

Bibi Sabina alipomwuliza, "Mmemaliza?" Jovina alijibu, "Tumemaliza, bibi." Hakusema uongo, walikuwa wamemaliza. Lakini Bibi Sabina si mtu wa kukaa na habari njema tumboni. Jumapili ileile baada ya misa alisimama mbele ya wenzake wa jumuiya akatangaza kwamba mjukuu wake amemaliza chuo kikuu na kwamba sherehe ni Novemba. Wanawake wakachagua kitenge cha sare palepale, cha bluu chenye ndege weupe. Bernadeta, jirani wa nyumba ya chini, akawa wa kwanza kupeleka chake kwa fundi. Sasa kila Jovina akimwona ndege mweupe nje, anabadili njia.

Winnie ndiye aliyemkokota kwenda kwa mshauri wa wanafunzi.

"Wewe utakufa umesimama," alimwambia. "Twende."

Nje ya ofisi ya mshauri kulikuwa na benchi, na juu ya benchi wanafunzi wanne wanaosubiri zamu. Wote wamelala. Wameegemeana kama magunia ya mkaa, mmoja anakoroma, mwingine ameshika kitabu kichwa chini. Mlango ulipofunguliwa na mshauri akaita, "Anayefuata!" hakuna aliyejitikisa. Akaita tena. Basi Jovina, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bado anapepesa macho, akaingia, Winnie nyuma yake.

Mshauri alikuwa mama mtaratibu, amevaa miwani. Akamwuliza mambo mengi. Analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, simu anaiweka wapi, kuna kinachomsumbua?

"Ng'ombe," Jovina akajibu.

Mama yule akaandika, hakucheka. Kumbe wamo wengi wanaosumbuliwa na ng'ombe, na mashamba, na michango ya harambee iliyofanywa kijijini wakati wanaanza chuo. Akamwambia kwamba akili ikibeba kitu peke yake mchana kutwa, usiku haiwezi kukitua. "Mtafute mtu mmoja wa nyumbani, umwambie. Na kahawa unatumia?"

"Hapana," Jovina akasema kwa moyo mweupe. "Chai ya maziwa tu, tena ya bibi."

Winnie, aliyekuwa amekaa pembeni, alimtazama sana. Walipotoka nje akasema, "Na zile punje unazotafuna kila jioni?"

"Zipi? Akamwani?" Jovina akakasirika kabisa. "Ile si kahawa. Ile ni heshima."

Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo. Baba yake Jovina ni Mhaya wa Muleba, mama yake ndiye binti wa Bibi Sabina, Msukuma. Wote wawili ni walimu Biharamulo, ndiyo maana Jovina alikaa kwa Bibi Sabina alipokuwa anasoma Mwanza. Jovina alikuwa na bibi wawili, na bibi wawili wenye mjukuu mmoja msomi ni mashindano. Bibi wa Muleba, Bibi Leonsia, aliona mwenzake wa Kiseke anamfaidi mtoto peke yake. Basi Jovina alipoingia mwaka wa tatu, akaanza kutuma akamwani, zile punje za kahawa zinazochemshwa na majani ya dawa, zikakaushwa, zikafungwa kwenye ganda la mgomba. Ukiingia nyumba ya Mhaya mwenye adabu, kabla hujaulizwa habari ya safari unaletewa akamwani kwenye kibakuli.

Mzigo wa kwanza ulipofika, Bibi Leonsia alipiga simu Kiseke. "Mkwe," alisema, "mtoto sasa ni mtu mzima. Akamwani zisikose chumbani mwake hata siku moja. Hata siku moja, Sabina, unanisikia?"

"Nimekusikia mkwe," Bibi Sabina akajibu, na akasikia kwa namna yake. Yeye kwao, kitu kilichochemshwa na majani, kikafungwa na bibi kizee, kikasafirishwa ziwa zima na onyo juu, kina jina moja tu: dawa. Dawa ya akili bila shaka, maana hawa Wahaya wanasoma mno, lazima kuna wanachokula. Na dawa ya mkwe haiachwi ikaoza, itasemwa imedharauliwa. Kila jioni baada ya ugali alikuwa analeta kibakuli, anakaa mbele ya mjukuu, anakunja mikono.

"Tafuna."

"Bibi, zote?"

"Bibi yako wa Muleba hajatuma nusu."

Jovina alikulia Biharamulo. Akamwani alikuwa ameziona utotoni kwenye harusi na misiba ya Muleba, zinapita juu ya kichwa chake kwenda kwa wakubwa. Sasa zimeletwa kwa jina lake. Alijisikia Mhaya kamili, akatafuna kwa fahari, zikaisha. Bibi Sabina naye akapiga simu: "Mkwe, zimekwisha." Kule Muleba Bibi Leonsia akaruka kwa furaha, akatuma mzigo mkubwa kuliko ule. Ukaisha. Akatuma mkubwa zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumamosi ile ya mwezi wa nane, jumuiya iliposali nyumbani kwa Bibi Sabina.

Mzee Revocatus, mwenyekiti wa jumuiya, alimpa Jovina heshima ya kuongoza fumbo la tatu la rozari. "Msomi wetu atuongoze," alisema. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia mlangoni, likamwangukia begani. Akaanza vizuri. "Salamu Maria, umejaa neema..." Watu wakaitikia. Akaendelea, sauti ikapungua, ikapungua, ikakatika. Watu wakasubiri. Ghafla, kwa sauti kubwa na ya uhakika, Jovina akasema, "Kisha gawanya kwa idadi yao, kutoa moja!"

Na jumuiya, kwa mazoea, ikaitikia, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee!"

Mzee Revocatus alikohoa mpaka akatoka nje. Wanawake walificha nyuso kwenye khanga, mabega yanatetemeka. Bernadeta peke yake hakucheka. Alikuwa anamwangalia Jovina kwa jicho la mtu anayepima unga. Na walipokuwa jikoni wanamimina chai, akasogea kwa wenzake.

"Mnacheka nini? Hamwoni? Usingizi wa mchana, uso umevimba. Na juzi nimempitia jioni, amejikunyata kwenye kona anatafuna kitu cheusi kichungu, ukimwuliza anasema heshima. Mimi nimezaa saba. Wa nne nilitafuna mkaa."

"Bernadeta, nyamaza!"

"Haya nimenyamaza. Tutahesabu miezi."

Maneno kama hayo hayakai jikoni. Kabla vikombe havijaoshwa, Bibi Sabina alikuwa ameyasikia. Angekuwa ni mtu mwingine angemwita mjukuu akamwuliza, yakaisha. Lakini Bibi Sabina alikuwa ametangaza joho mbele ya kanisa, na sasa aliogopa jibu. Akaacha utani, na hilo ndilo lililomtisha Jovina. Jina la mke mwenzangu likafa. Ndoo ya maji akanyang'anywa mkononi. Asubuhi akaanza kuletewa uji wa ulezi wenye karanga, kikombe kizima, na bibi anasimama pembeni anaangalia ukinywewa, anapumua kama aliyepanda mlima.

"Bibi, nimekukosea nini?"

"Kunywa, mwanangu. Kunywa upate nguvu."

Jovina akadhani bibi amejua habari ya sapu, na huu ndio msamaha wake. Usiku ule hakufumba hata jicho moja.

Wiki iliyofuata akaenda kwa fundi wa nguo kupimwa sare. Fundi alizungusha futi kiunoni, akaivuta, halafu akailegeza sana, mpaka mtu wa pili angeweza kuingia humo.

"Fundi, mbona hivyo? Mimi ni mwembamba."

"Novemba hutakuwa mwembamba, dada."

"Nani amesema?"

Fundi akang'ata pini. "Nimeambiwa niache nafasi. Mimi ni fundi tu, shauri za tumbo si zangu."

Jovina alisimama pale na futi imemning'inia. Akili iliyokuwa imelala miezi mingi ikaamka yote kwa pamoja: uji, ndoo, macho ya Bernadeta. Alicheka. Halafu akatamani kulia. Akapanda mlima kwenda nyumbani mbio, amekusudia kwenda kumwambia bibi kwamba hana mimba wala dalili yake.

Alipofungua mlango akakuta kikao; yale maneno ya jikoni yalikuwa yamefika mpaka Muleba na Magu.

Bibi Leonsia alikuwa ameshuka asubuhi ileile kwenye meli ya Bukoba, amekaa kwenye kiti kikubwa na gauni lake refu la gomesi, la zambarau, mkoba miguuni. Mjomba Mashimba ametoka Magu na fimbo yake. Bibi Sabina amekaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona.

"Shikamooni," Jovina akasema na kupiga magoti.

"Marahaba. Kaa mwanangu, usipige magoti kwa nguvu," Bibi Leonsia akasema. "Jiangalie."

Mjomba Mashimba akasafisha koo. "Mpwa wangu, sisi si watu wa ugomvi. Tunataka jina tu. Huyo kijana ni wa wapi? Akiwa na ng'ombe, vizuri. Asipokuwa nao, tutamfundisha. Na kama ni harusi kwanza, Digrii hana kinyongo, nyama ni ileile."

"Mjomba, hakuna kijana."

"Ni mzee?"

"Hakuna mtu! Sina mimba!"

Bibi Sabina akainua kichwa. "Hakuna mtoto?"

"Hakuna, bibi."

"Hata kidogo?"

"Bibi! Hata kidogo."

Bibi Leonsia akaruka, "Sasa mbona unalala mchana kama popo? Mbona umekonda? Mwenye afya halali kwenye rozari!"

Hapo Jovina akaona njia mbili mbele yake. Angeweza kusema malaria, wangempeleka kupimwa, wangempa vidonge, na siku zingesonga. Mdomo ulishaanza kutengeneza hilo neno. Kisha akamwona bibi yake pale kwenye kigoda, mikono imeshikana magotini, akakumbuka maneno ya mama wa miwani.

"Nina sapu," akasema.

"Una nini?" akauliza Bibi Sabina.

"Ni ugonjwa?" akauliza Mashimba.

"Si ugonjwa," akasema Bibi Leonsia, ambaye hakuwa anajua ila hakukubali kuonekana hajui. "Ni kama... ni kozi ya juu."

"Ni kuanguka, bibi. Nilisinzia kwenye mtihani wa Takwimu, nikaanguka. Narudia Jumatano ya wiki ijayo. Nikianguka tena, Novemba sivai joho. Nimeogopa kuwaambia. Usiku nafikiria kitenge, nafikiria wageni. Namfikiria Digrii. Mjomba, nisamehe, lakini namwona yule ng'ombe hata nikifumba macho. Anatafuna tu, ananiangalia."

Mashimba akashusha fimbo chini. "Mimi nilidhani nakutia moyo."

Bibi Sabina akainuka taratibu, akatoka nje, wakamsikia anageuzageuza michembe kwenye jiwe, michembe ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Jovina akataka kumfuata. Bibi Leonsia akamzuia kwa mkono.

"Mwache. Amesimama kanisani akatangaza. Hiyo inauma, mwache iume kidogo. Wewe lete akamwani, tumkaribishe mjomba wako kama watu. Nimeingia humu tangu asubuhi sijapewa hata moja."

"Hakuna, bibi."

"Hakuna vipi? Nimetuma mzigo mwanzo wa mwezi, kama mto wa kulalia!"

"Nimeshatafuna."

"Umetafuna wewe na wageni."

"Wageni gani?"

Bibi Leonsia akavua miwani yake ya kusomea, ambayo hakuwa anasomea chochote. "Jovina. Akamwani mgeni anachukua moja. Mbili. Akiwa na njaa ya adabu, tatu. Zile ni za wageni. Wanachuo wenzako wakija kukutembelea wajue umetoka nyumba gani! Mimi kila zikiisha nasema jamani, mjukuu wangu anapokea watu, nyumba haikauki wageni. Nimewaambia Muleba nzima. Padri nimemwambia! Nimesema pale Mwanza anatembelewa kama mke wa mkuu wa mkoa!" Akamtazama vizuri. "Zote? Peke yako? Kila siku?"

"Kila jioni, baada ya ugali. Bibi Sabina ananisimamia nimalize."

"Sabina!" Bibi Leonsia akapiga ukelele uliofika bombani. "Sabina, njoo hapa! Umemlisha mtoto gunia la kahawa!"

Bibi Sabina akaingia na unga wa michembe mikononi. "Kahawa? Ile si dawa?"

"Dawa ya nini?"

"Ya akili! Si ulisema zisikose hata siku moja?"

"Zisikose chumbani! Sikusema tumboni!"

"Mkwe, kitu umekichemsha na majani, ukakifunga na mgomba, ukanionya mara mbili kwenye simu. Ningejuaje ni cha kuangalia? Sisi kwetu Usukumani mtu akikuletea chakula, unakula."

"Na sisi kwetu mgeni hali mpaka kibakuli kinalia!"

"Basi wewe ndiye uliyemnyima mtoto usingizi."

"Mimi? Aliyekaa amekunja mikono anasema tafuna ni nani?"

Mashimba alikuwa ameanza kucheka kimoyomoyo, fimbo inatikisika, halafu cheko likamshinda likatoka lote. Jovina akamfuata. Alikumbuka alivyojibu "hapana" kwa mama wa miwani, kwa heshima zote, huku punje zimejaa tumboni, na Winnie pale pembeni anamtazama. Hata Bibi Sabina mdomo ulianza kucheza. Kilichomtuliza si ile kahawa. Ni yale aliyosikia dirishani wakati anageuza michembe: kwamba mkwe wake naye amejisifu kwa kitu ambacho hakipo, tena kwa padri.

"Kwa hiyo Muleba wanajua mtoto ana wageni," akasema polepole, anajipangusa mikono.

"Na Kiseke wanajua amemaliza," Bibi Leonsia akajibu.

Wakaangaliana. "Kila mtu atabeba wake," akasema Bibi Sabina, na akaenda kuchemsha chai. Ya maziwa.

Mtu asidhani Jovina alilala fofofo usiku ule. Kuacha kahawa kuna adhabu yake. Kichwa kilimgonga siku mbili, akamkaripia hata Winnie aliyekuja kumsaidia kusoma. Winnie naye alikuwa na lake moja tu, alilirudia kila akigeuza ukurasa: "Haya, mheshimiwa, heshima imetuliaje leo?" Siku ya tatu jioni, taa za dagaa hazijawashwa hata moja ziwani, Jovina alijilaza kidogo anyooshe mgongo. Akaamshwa na joto la jua mguuni. Alipochungulia akamwona Bibi Sabina amekaa kwenye kigoda mlangoni, anafukuza kuku kwa khanga bila kutoa sauti. Bernadeta alikuwa anapanda ngazi za mawe, anaita kwa mbali kama kawaida yake.

"Hodi hapaa! Mwenye shughuli yuko?"

"Nong'ona," Bibi Sabina akasema. "Mtu amelala."

"Bado tu ule usingizi? Mimi nilisema..."

"Huu ni wa usiku, umechelewa kuisha. Nong'ona au shuka."

Bernadeta akashuka. Simu ya Jovina ilikuwa na picha moja mpya kutoka Magu. Digrii amejilaza chini ya mti, miguu amekunja, macho amefumba. Chini mjomba ameandika, "Digrii amelala. Na wewe lala."

Jumatano Jovina alikwenda kwenye sapu. Asubuhi, jua kali, feni ileile inazunguka taratibu. Alijibu maswali yote mpaka la mwisho, na mstari wa wino haukwenda ziwani. Alipotoka nje akawakuta wanachuo wengine wawili wamelala kwenye nyasi, akawapita kwa kunyata.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata C, C nyembamba isiyo na kiuno, lakini C. Alisoma, akasoma tena, akampa bibi simu ashike, ingawa bibi hakuwa na miwani.

Jumamosi ile jumuiya ilisali kwa Bernadeta. Mwisho wa matangazo Bibi Sabina akasimama bila kuitwa, akajifunga khanga vizuri.

"Nina neno. Mjukuu wangu Jovina alipata sapu."

Wakatazamana. Mzee Revocatus akauliza, "Bibi, sapu ndiyo ile ya kuanguka?"

"Ndiyo hiyo. Mtu anaanguka, anainuka mwenyewe, anarudi palepale alipoangukia anashinda. Hawapewi watu wote." Akamgeukia mwenye nyumba. "Bernadeta, katika wale saba, yuko aliyewahi kupata sapu?"

"Hakuna," Bernadeta akakiri.

"Unaona sasa," akasema Bibi Sabina, akakaa.

Novemba Digrii akaja kutoka Magu kwenye gari la kukodi, akashuka kwa madaha kama mgeni rasmi, na kwa kweli ndiye aliyekuwa. Jovina alimpa maji kwa mkono wake mwenyewe, akamshika sikio, akamwambia neno ambalo hakuna aliyelisikia. Bibi Leonsia alikaa mlangoni na kibakuli cha akamwani, anakaribisha watu, na kando yake alisimama Bibi Sabina, macho makali, kila mkono ukizama ndani anasema, "Moja! Mbili mwisho! Hii si chakula!"

Nguo ya sare ilikuwa bado na ile nafasi ya tumboni. Fundi alikuwa amesahau kuipunguza. Jovina alikula mchuzi, akala mbavu, akala tena pale mjomba aliposema hajala, na hadi alasiri nafasi ile ikawa imepata kazi yake. Akajiegemeza kwenye kiti na joho lake, kofia imemfunika uso, huku watu wakicheza na ndege weupe wakiruka kwenye vitenge.

Mshereheshaji akaita mara tatu mwenye shughuli aje aseme neno. Bernadeta akamwangalia pale alipolala, akafungua mdomo.

Bibi Sabina akamwangalia Bernadeta.

Bernadeta akaufunga mdomo, akachukua upande wa khanga yake, akaanza kumfukuzia nzi.